Pikapu ya Marehemu Haitasukumwa Tena Lurujo

Jumatatu, tarehe 3 Februari

Asubuhi nimesimama jikoni na sufuria mkononi, chai haijaiva, nasikiliza tu. Binti yangu Ayikoru ameingia kwa pikapu. Akazungusha ufunguo. Ikawaka. Ndiyo nikaweka sufuria chini. Siku hizi mimi sipumui mpaka gari ipumue kwanza.

Niandike ya Jumamosi. Jana sikuweza, aibu ilikuwa bado mbichi.

Tulikwenda Lurujo, upande wa Koboko, kwa wazazi wa Poni, msichana ambaye mwanangu Edema anataka kuoa. Mara ya kwanza kujitambulisha. Tulivaa. Hata pikapu ilivaa, juma lile tuliipaka rangi mpya, bluu, inang'aa kama sahani ya wageni. Wakwe wakaisifu. Tukala vizuri, kuku na mihogo na simsim. Saa ya kuondoka Ayikoru akazungusha ufunguo. Tak. Akarudia. Tak. Basi.

Nyumbani hapa Onduparaka, karibu na Arua, tunaisimamisha kwa mteremko na jiwe chini ya tairi. Ikikataa, unatoa jiwe, inateremka, inawaka. Marehemu baba yao alitufundisha hivyo. Lakini uwanja wa Lurujo ni sawa kama meza. Wakwe wakasukuma. Wakwe! Baba ya Poni na koti yake ya kanisa, mikono juu ya gari yetu. Kwetu mkwe humtazami hata usoni sana, sasa sisi tumemfanya kibarua.

Shangazi ya Poni, anaitwa Kiden, mama mnene, sauti kama kengele, akapiga makofi. "Hee! Nyinyi mumekuja kuchukua musichana ao mumekuja kutafuta watu ya kusukuma?" Wanawake wote wakacheka. Wakatutoza faini ya mbuzi, ya kuchafua mikono yao. Halafu wakasema: tarehe moja Machi mkirudi na mahari, mtoto wetu atatoka kwa gari inayowaka yenyewe. Isipowaka, analala kwao mpaka mwaka mwingine.

Walisema wakicheka. Lakini mimi nilitazama macho ya Kiden. Macho hayakucheka.

Jumatano, tarehe 5 Februari

Imekataa tena. Sokoni Arua, saa sita ya mchana, magunia ya mihogo juu, mwenye mihogo ananung'unika. Nilikuwa na Ayikoru, nilikwenda kununua chumvi. Tak. Watu wakajaa kama nzige. Huyu anasema betri imekufa. Yule anasema stata, ile mota ya kuwashia. Mwingine anasema uza hiyo kitu, dada, nunua boda. Mmoja akaingiza kichwa chake ndani ya boneti na sigara mdomoni, nikamvuta shati.

Ayikoru aliwasha taa za mbele, akaniambia, "Mama simama mbele, uangalie taa nikizungusha." Nikasimama. Alipozungusha, taa zikafifia karibu kufa, zikarudi. Nikamwambia. Akatingisha kichwa pole pole kama mtu aliyesikia habari ya kweli.

Halafu akazungusha mara nyingine na ikawaka, bila mtu kugusa kitu chochote. Watu wakapiga vigelegele. Yeye akakunja uso.

Naogopa sana. Nimeogopa vitu vingi katika maisha, lakini sikujua nitaogopa ufunguo.

Ijumaa, tarehe 7 Februari

Leo Ayikoru ameazima betri. Ya jirani yetu mwenye mashine ya kusaga. Betri mpya, nzito, aliibeba kama mtoto. Alisugua vichwa vya waya mpaka vikawa vyeupe, akafunga, akajaribu. Ikawaka. Nikaanza kuimba. Akazima, akawasha. Ikawaka. Nikamwambia basi, Mungu amesikia, twende tununue betri kama hii. Akasema ngoja. Akaenda nayo kwa barabara ya mashimo, akarudi, akazungusha.

Tak.

Nililia, sisemi uongo. Nimekaa chini kabisa kwa udongo. Yeye akatoka na meno yote nje. "Mama, usilie. Si betri! Sasa tumetoa sababu moja."

Sielewi mtu anayefurahi hivi. Mimi kitu kikiharibika naona kimeharibika. Yeye anaona kama mgonjwa amefungua mdomo. Alisema, "Ikikataa ndiyo inaongea. Ikiwaka imenyamaza, itaniambia nini?"

Ayikoru ni mtoto wangu wa kwanza. Ana miaka thelathini na kidogo, hana bwana, na kila Jumapili kuna mwanamke mmoja kanisani wa kunikumbusha. Anaendesha pikapu tangu baba yake afe. Anabeba mihogo, matofali, mbuzi, maiti pia, na maiti hatozi pesa. Mikono yake haitoki mafuta hata kwa majivu. Naandika Kiswahili hiki cha kambini, marehemu ndiye alinifundisha kukiandika alipokuwa askari. Mimi alinipa herufi. Ayikoru alimpa spana.

Jumapili, tarehe 9 Februari

Kanisani nimeomba gari iwake. Nikamwambia Ayikoru tukitoka. Akasema, "Mama, usiombe hivyo. Omba ikatae nikiwa na vyombo vyangu."

Sasa mimi nitamwambiaje Mungu maneno kama hayo. Asubuhi nimeomba hivi, jioni niombe vile. Atasema huyu mama ana kichaa.

Nimeomba lakini. Kidogo.

Jumanne, tarehe 11 Februari

Tumekwenda Koboko kwa Fundi Taban. Ni mzee wa Kinubi, Mwislamu, mpole, ndevu zake nyekundu za hina, karakana yake ina kivuli kizuri na birika ya chai. Alimjua marehemu. Nilitaka kwenda na Ayikoru kwa sababu sipendi mtoto wangu akae peke yake kati ya wanaume wa gereji. Wanaume wa gereji wote walimwita dada. Niliogopa bure.

Walitoa stata chini ya gari, wawili, Taban na Ayikoru, mmoja anashika taa, mwingine anafungua, bila kuambiana kitu. Kama watu wanaopika pamoja miaka mingi. Wakaifungua kwa meza. Taban akaonyesha vipande vya shaba ndani. "Iko safi. Shaba iko nene bado." Akaiunganisha na betri palepale mezani, ikaruka na kuzunguka, nikapiga kelele.

Angeweza kutuuzia nyingine. Zimejaa pale rafuni. Hakutuuzia. Alisema, "Mama Ayikoru, mimi nikikuuzia stata leo, kesho utanilaani njiani." Akatupa chai. Akamwambia Ayikoru, "Ugonjwa iko kwa njia, si kwa kitu." Ayikoru akakaa na hayo maneno barabara yote.

Tulipofika Maracha akasimama kununua maembe. Hakuna mteremko. Alijua hakuna mteremko. Nikasema Ayi, hapana. Akazima.

Tak.

Jua la pale sitalisahau. Tuliketi chini ya gari kama kuku. Mimi nakula embe na nalia, yeye amelala chali anatazama juu kwa tumbo la gari. Baadaye vijana wa boda wakasukuma. Nikahesabu dhambi zangu zote mpaka nyumbani.

Alhamisi, tarehe 13 Februari

Ugomvi. Shemeji yangu Zakaria amekuja, mdogo wa marehemu, ndiye msemaji wetu kwa mambo ya mahari. Anapenda kuvaa tai hata kwa kahawa. Amepata mtu mwenye gari nyeupe, vioo vyeusi, ya kukodi. Anasema tarehe moja tuende na hiyo, pikapu ibebe mbuzi tu na isimame mbali, nyuma ya shule, wakwe wasiione.

Edema akasema ndiyo. Mwanangu Edema ni seremala mzuri, lakini wa gari hapana, hata kujaza upepo anaita dada yake. Na anaogopa kumkosa Poni. Simlaumu. Mtoto hali vizuri tangu ile siku.

Mimi pia nilitaka kusema ndiyo. Mdomo ulikuwa umefunguka.

Ayikoru alikuwa anamenya vitunguu. Hakuinua macho. Akasema, "Baba alisema atamleta mke ya Edema kwa hii gari. Alisema akiwa kitandani. Nyinyi mulikuwepo."

Kweli tulikuwepo. Mimi ndiye nilikuwa nashika mkono wake.

Zakaria akakohoa. Wakakubaliana: mpaka Jumatano ya juma la mwisho. Kama hajapata ugonjwa wake, gari nyeupe. Nikawapa ugali. Nikamimina supu macho yakiwa kwa Ayikoru, ikamwagika kwa tai ya Zakaria. Nilifurahi kidogo.

Jumamosi, tarehe 15 Februari

Imewaka siku nzima. Kila mahali. Sokoni, hospitalini, kwa mashine. Inawaka kama gari ya rais.

Naichukia ikiwa hivi. Kama mtoto mwenye homa anayecheza daktari akifika.

Jumatatu, tarehe 17 Februari

Ayikoru amebadilisha waya wa swichi ya ufunguo. Si hiyo. Ametoa sababu nyingine. Anakula amesimama. Amekonda. Nimemwekea yai, amempa Edema, Edema amelirudisha kwangu. Yai limezunguka nyumba yote kama askari wa zamu. Nimelila mimi.

Jumanne, tarehe 18 Februari

Siku kubwa. Niandike taratibu nisisahau.

Mchana, hapa uani, Ayikoru ametoka kupeleka matofali. Alikuwa ameacha kutumia mteremko, anasimamisha kwa usawa makusudi. Akazima. Akajaribu. Tak. Akaniita, "Mama, kuja upesi, ingia!" Mimi sijawahi kukaa kwa kiti ya dereva. Miaka yote hii. Kiti kimebonyea umbo la marehemu, nilikaa ndani yake kama ndani ya kiganja.

Akafungua boneti. Akasema zungusha. Nikazungusha. Tak. Tena. Tak. Shikilia, usiachie. Nikashikilia, nimefumba macho kabisa.

Nikasikia harufu. Nikamwambia Ayi, umeacha sufuria jikoni? Inanuka kama mpini wa kikaango unaoungua. Akasema nini? Nikasema mpini. Plastiki. Inatoka hapa mbele yangu.

Akasimama wima. Kisha akaingiza mkono pole pole kwa injini, akagusa ile kebo nyembamba inayotoka kwa kanyagio ya mafuta. Akautoa mkono haraka, akaweka vidole mdomoni. Inaunguza! Kebo ya kukanyagia mafuta, ambayo haina kazi yoyote na umeme, ilikuwa moto kama mpini.

Akaanza kucheka. Alicheka mpaka akashika boneti. Mimi nikafikiri ni akili imeondoka, kwa kukosa chakula.

Akanieleza, na alinieleza vizuri nikaelewa, mimi ambaye niliacha shule darasa la tatu. Umeme unatoka kwa betri, unakwenda kwa stata, unafanya kazi, halafu lazima urudi nyumbani kwa betri. Kuna waya mnene wa kurudia, umefungwa chini kati ya injini na chuma kirefu kinachobeba gari. Hiyo ndiyo barabara yake kubwa. Barabara hiyo imefungwa. Kwa hiyo umeme wote, mkubwa vile, unatafuta kichochoro. Umepata kebo ya mafuta. Ni kama watu wote wa soko la Koboko wakirudi nyumbani kwa daraja la mti mmoja. Haiwezekani. Daraja linapata moto.

Akaleta waya mnene wa kuazimia umeme. Upande mmoja kwa kichwa cheusi cha betri, upande mwingine kwa injini, kwa chuma kitupu. Akasema Mama, zungusha.

Nilizungusha. Ikanguruma na mimi juu yake! Nilipiga kelele, jirani wa mashine akatoka na unga kwenye nyusi.

Akatoa waya, akazima. Zungusha. Tak. Akarudisha. Zungusha. Ikawaka. Akafanya tena na tena. Nikamwambia basi sasa, tumeona. Akasema, "Acha nione mara moja tu, Mama. Nimemtafuta sana huyu."

Namwangalia huyu mtoto na nashindwa. Watu wote walimwambia nunua hiki, nunua kile. Alikataa kununua kitu ambacho hakijaonyesha kosa. Amekwenda hatua moja, hatua moja, anatoa, anatoa, kama mtu anayechambua simsim mpaka jiwe libaki peke yake. Mimi ningechoka siku ya kwanza. Baba yake pia angechoka, nimwambie ukweli marehemu. Baba yake angetukana gari na kutafuta mteremko.

Jumatano, tarehe 19 Februari

Leo ameingia chini na jeki na magogo. Akaita. Nikalala chini pia, na nguo zangu zote, nione. Edema pia. Tumelala watatu kama samaki kwa sinia.

Waya mnene uko pale, mzima, haujakatika. Boliti yake imekazwa vizuri. Lakini chini ya kile kichwa cha waya, pale inaposhikana na chuma, bluu. Bluu nzuri, nene, inang'aa.

Rangi.

Umeme haupiti kwa rangi, anasema Ayikoru. Rangi ni kama mlango. Siku nyingine gari ikitingishika kwa mashimo, boliti inakwaruza rangi kidogo, umeme unachungulia, unapita. Siku nyingine haupati pa kuchungulia. Ndiyo maana inawaka, inakataa, inawaka.

Ndiyo tukakumbuka wote pamoja. Kabla ya rangi haikuwa inakataa hivi. Ilikuwa inachelewa asubuhi ya baridi, uzee tu. Lakini hakuna aliyefikiri. Unawezaje kushuku nguo mpya? Tulikuwa tunaiandaa kwa wakwe. Zakaria ndiye alimwambia mtu wa rangi apake hata chini, hata tumbo, kwa sababu alisema wakwe wa Koboko wanainama kuangalia. Huyo mtu akafungua waya, akapaka, akafunga juu ya rangi. Tumeivalisha gari vizuri mpaka ikakosa kupumua.

Na mimi ndiye nilichagua bluu. Ingekuwa nyekundu ingekuwa hivyo hivyo, Ayikoru amenituliza.

Zakaria amekuja saa kumi. Akaonyeshwa. Akainama, akashika tai yake isiguse udongo. Akasema, "Lakini rangi yenyewe ni nzuri."

Edema alicheka mpaka akapiga kichwa kwa chuma. Ni mara ya kwanza anacheka tangu Lurujo.

Ayikoru amesugua kwa msasa mpaka chuma kikawa cheupe, duara ndogo kama sarafu. Akafunga waya. Akapaka grisi juu kuzuia kutu. Ikawaka. Akazima akawasha. Akabadilisha na ile kebo ya mafuta, ilikuwa imeyeyuka ndani, ingetuachia njiani siku nyingine.

Ule ugonjwa wote. Duara moja ya rangi.

Jumapili, tarehe 23 Februari

Anasimama kwa usawa kila mahali. Makusudi. Ijumaa alikwenda Koboko kununua mbuzi wa mahari, akarudi, akazima kila kituo. Inawaka. Alipitia kwa Taban kumweleza. Taban akashika kichwa chake kwa mikono miwili, "Rangi! Ya Allah, rangi!", akawaita vijana wote wa gereji aeleze mbele yao, akamkalisha kwa kiti chake mwenyewe. Ayikoru alinisimulia akitazama chini. Nilimwambia asimulie tena.

Mimi siamini bado. Nataka kuamini na siwezi. Asubuhi nimeweka jiwe chini ya tairi ingawa gari iko kwa usawa. Ameliona. Amelizunguka tu.

Zakaria ameambiwa gari nyeupe isije. Amekubali, uso wake kama mtu aliyerudisha sahani ya nyama.

Ijumaa, tarehe 28 Februari

Kesho.

Mbuzi wanalia nyuma ya nyumba. Majembe ya mahari yamefungwa kamba. Nguo yangu imepigwa pasi mara mbili. Nimemwuliza Ayikoru kama ameangalia ule waya. Ameangalia. Nimemwuliza tena. Ameangalia. Mara ya tatu amenishika mabega akasema, "Mama, njoo uangalie wewe." Nimelala chini tena, na nguo ya kulimia. Duara iko pale. Nyeupe. Nimeigusa kwa kidole.

Siogopi gari, nafikiri. Naogopa watamcheka mbele yangu.

Jumapili, tarehe 2 Machi

Jana sikuandika. Nilichoka na furaha, ilikuwa nzito.

Tulifika Lurujo saa nne. Zakaria akanong'ona, simamisha kule kwa kichuguu, kuna mteremko kidogo. Ayikoru akapita kichuguu. Akapita kivuli. Akaenda kusimama katikati kabisa ya uwanja, mahali pa usawa kuliko pote, mbele ya viti vya wakwe. Akazima. Niliona Edema amefumba macho.

Maneno ya mahari yalikuwa marefu kama kawaida. Mbuzi mmoja walisema ni mgonjwa, hakuwa mgonjwa, alikuwa na usingizi. Zakaria aliongea vizuri, nimpe haki yake, alisimama na kuwajibu kwa heshima mpaka wazee wakatikisa vichwa. Yakaisha. Wakakubali. Wakamleta Poni amefunikwa kitenge, wakamwingiza mbele, katikati, mimi pembeni yake. Nikamshika goti. Sijui nani alikuwa anaogopa zaidi.

Ndiyo Kiden akaja. Na wanawake wake. Wamefunga kanga viunoni kama watu wanaokwenda kulima. Wakajipanga nyuma ya pikapu, mikono yote juu yake, wakaanza kuimba wimbo wa kusukuma, waliutunga wenyewe, unasema wakwe wa Arua wana miguu kumi na sita na hakuna injini. Watu wamejaa. Watoto juu ya miembe.

Ayikoru hakuingia kwanza. Akazunguka nyuma, akapiga magoti mbele ya Kiden, vizuri, magoti yote kwa udongo, na nguo yake nzuri. Akasema, "Shangazi, naomba mutoe uzito kwa mikono. Musije mukaanguka."

"Tutaanguka? Sisi? Binti, panda gari yako, sisi tunajua kazi yetu!"

Akapanda. Akaingiza ufunguo. Akazungusha nusu.

Hakuna kitu.

Hakuna hata tak. Wanawake nyuma wakaanza kucheka. Moyo wangu ulisimama, nasema kweli, nilimwona marehemu. Nikamtazama Ayikoru. Anatazama taa ndogo ya njano mbele yake. Dizeli ya zamani inataka kungoja taa ile izimike. Lakini jua lilikuwa kali vile, injini haikuhitaji kungoja. Huyu mtoto alikuwa anawangojesha. Pembeni ya mdomo niliona kitu, kama baba yake akificha peremende.

Taa ikazimika. Akazungusha.

Ikawaka kwa pumzi moja. Akaachia klachi kidogo tu, ikasogea hatua ya mtoto, na Kiden na wanawake wake wote waliokuwa wameegemea wakaenda mbele na mikono hewani. Mmoja akakaa chini. Uwanja mzima ukapiga kelele! Baba ya Poni, yule wa koti, alicheka mpaka akatoa leso.

Kiden akaja dirishani anahema. "Zima."

Ayikoru akazima.

"Washa."

Ikawaka.

Kiden akatazama mikono ya Ayikoru iliyoshika usukani, ile mikono isiyotoka mafuta. "Nani alitengeneza?"

Mimi ndiye nilijibu. Nilisema kwa sauti, mbele ya wakwe, mimi ambaye sijawahi kusema kwa sauti mbele ya wakwe. Nikasema, "Huyu. Mwenyewe. Mtoto wangu huyu."

Kiden akapiga kigelegele, kirefu, kikapasua masikio. Wote wakaitikia. Sijawahi kusikia kigelegele cha kumsifu Ayikoru. Cha Edema nimesikia, cha harusi za wengine nimesikia, nimepiga mwenyewe mara nyingi. Chake sikuwahi kusikia. Nililia palepale, Poni akanipa ncha ya kitenge chake nifute.

Zakaria akashuka na tai yake. Akaonyesha alama za vumbi, mikono mingi, juu ya rangi ya bluu. "Faini! Mumetuchafulia gari!" Wakatuletea jogoo. Tulitoka Lurujo na mke wa Edema na jogoo, na hakuna mtu aliyesukuma.

Alhamisi, tarehe 6 Machi

Mvua ndogo jana, ya kwanza. Udongo unanukia.

Zakaria anataka ile duara chini ipakwe rangi, anasema kutu. Ayikoru amesema grisi inatosha. Nimesema hakuna mtu atagusa hapo.

Poni ameamka mapema, amefagia uwanja. Amekuta jiwe la tairi karibu na mlango, akauliza ni la nini. Nikashindwa kuanza kueleza. Akalivuta mpaka jikoni, akakaa juu yake, akaanza kuchambua simsim. Jiwe linamtosha vizuri.

Tulikuwa tunaongea habari za mama yake. Nikamimina chai tatu, nikatoka kumwita Ayikoru anywe. Pikapu haikuwepo. Alama za tairi tu kwa udongo laini, zinakwenda barabarani.

Sikusikia ikiwaka. Nilisahau kusikiliza.